Sekunde Nane za Mwalimu wa Tarumbeta

Hii habari ukiisoma mpaka mwisho utaona bwege ni mimi. Nimejaribu kuisimulia kwa namna nyingine, namna ambayo bwege anakuwa kompyuta, au spika za kanisani, au Mwalimu mwenyewe, lakini haikubali. Dada wa saluni, ambaye chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, anaijua yote, na kila nikianza kuipindisha anagonga ukuta. Kwa hiyo naisimulia ilivyo.

Mwalimu ninayemsema hakufundisha shule. Alikuwa mwalimu wa tarumbeta wa usharika wetu kule juu, Mbokomu. Sisi Walutheri wa mlimani bila tarumbeta hatuzikani, hatuoani, na Pasaka yenyewe haijafika mpaka zilie. Jina analo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitaja. Mchungaji anamwita Mwalimu. Watoto wake wa kuwazaa wanamwita Mwalimu. Kitambulisho chake cha taifa sijakiona, ila nikikiona kimeandikwa Mwalimu sitashtuka.

Mara ya kwanza kumjua nilikuwa darasa la tano. Aliniangalia mdomo, akasema, "Huyu ana mdomo wa tarumbeta." Nyumbani walikuwa wanasema nina mdomo tu, basi nikaona nimepandishwa cheo. Nilidumu mwaka mmoja na nusu. Siku moja kwenye msiba, jeneza linashushwa, kati ya wimbo wa pili na wa tatu, nikapuliza kidogo tu, kidogo kabisa, kipande cha wimbo wa dansi uliokuwa unapigwa kila duka mwaka ule. Vijana watatu wakacheka. Marehemu hakulalamika. Mwalimu akaja, akanitoa tarumbeta mdomoni taratibu, kama mtoto anavyotolewa chupa ya maziwa, akasema, "Nenda nyumbani."

Nikaenda nyumbani. Nikamaliza la saba, nikashuka mjini, nikabeba mizigo sokoni, nikauza laini za simu, nikajifunza kompyuta kwa mshkaji mmoja aliyekuwa anarekodi wanakwaya. Mshkaji akaenda Dar, mimi nikabaki na chumba chake pale Kiborloni, kompyuta, kinanda, spika mbili, na zile trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi. Nikawa fundi. Kazi yenyewe ni biti za vijana, kwaya, na matangazo ya duka la vifaa vya ujenzi.

Siku moja mchana mlango ukafunguka, nikaona koti. Koti la kijivu, zito, la miaka yote, jua liwake mvua inyeshe. Ndani ya koti alikuwa Mwalimu. Alisimama mlangoni anafuta viatu. Akafuta cha kulia, akafuta cha kushoto, akarudia cha kulia. Sakafu yangu ilikuwa chafu kuliko barabara aliyotoka, nikataka kumwambia afute akitoka, nikajizuia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepuliza dansi msibani."

"Ndiyo mimi."

"Nilikufukuza."

"Ulinifukuza, Mwalimu."

"Vizuri. Sasa nimekuja kuomba nafasi kwako. Kama na wewe unataka kunifukuza, nifukuze sasa hivi, kabla sijavua koti."

Nikamwambia avue. Hakuvua, lakini akaketi. Akatazama kuta muda mrefu, zile trei, juu mpaka chini.

"Kuku wako wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, nakwambia ukweli. Utotoni nilikuwa namwogopa tu.

Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na kaunta buku, yale madaftari makubwa ya jalada gumu. Ndani noti tupu, ukurasa kwa ukurasa, penseli, mistari imepigwa na rula. Alikuwa ameandika muziki wa okestra nzima. Violini, filimbi, ngoma kubwa, tarumbeta za kila aina. Mtu ambaye okestra amesikia kwenye redio tu, na violini ya kushika mkononi hajawahi kuiona.

"Kwa nini okestra?" nikamwuliza. "Tarumbeta za usharika si zipo?"

"Nataka watu wengi," akasema, akafunga mada.

Nikamweleza kwamba ndani ya kompyuta yangu wapo. Kwamba huko Ulaya wapigaji walikaa ukumbini, wakapiga noti moja moja, kwa sauti ndogo, kwa sauti kubwa, kwa kuburuta, kwa kudonoa, zikarekodiwa zote, na mimi nikibonyeza kinanda ile noti inatoka. Akasikiliza kwa makini. Nikambonyezea violini, sauti moja ndefu. Akavua kofia.

"Huyu aliyepiga hapa," akasema, "anajua kwamba yuko Kiborloni?"

"Hajui, Mwalimu."

"Tumtunze basi."

Sikuelewa alimaanisha nini mpaka tulipoanza kazi. Alikuwa anashuka Jumanne na Alhamisi, na akiingia, baada ya viatu, anaigeukia kompyuta anasema, "Hamjambo wote?" Anasubiri kidogo. Halafu ndiyo anaketi. Mwanzoni nilikuwa namjibu mimi kwa sauti nyembamba, "Hatujambo Mwalimuuu," kama darasa la kwanza. Hakukasirika. Alisema, "Huyo wa mbele ana sauti ya pombe."

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa pumzi. Kompyuta haipumui. Tarumbeta ya kompyuta unaweza kuishikilia noti moja kuanzia hapa mpaka Krismasi. Mimi nilikuwa naona hiyo ni baraka. Nikaweka sauti ndefu nzuri, inapanda, inashuka, Mwalimu akanyoosha mkono.

"Simamisha. Huyu mtu umemwua."

"Yupi?"

"Wa tarumbeta ya pili. Umempa baa kumi na mbili za noti hajavuta hewa. Ameshaanguka huyo, wenzake wamemruka wanaendelea."

"Mwalimu, siyo mtu. Ni kompyuta."

"Uliniambia alikaa ukumbini."

Tukarudi mwanzo, tukapita mstari kwa mstari, kila chombo cha kupuliza nikakikata mahali alipoonyesha kwa penseli. "Mpe pumzi. Hapa pia. Mpe." Siku tatu tunagawa pumzi tu. Na tulipomaliza nikacheza yote, ghafla kilikuwa chumba chenye watu. Sikumwambia. Nilisema, "Siyo mbaya."

Kingine ni viti. Kwenye kumiksi unachagua kila chombo kisikike kutoka wapi, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Mimi huwa navisambaza tu mpaka sikio likubali. Mwalimu alitoa mfukoni buni, zile kahawa kavu ambazo hazijakaangwa, akazipanga mezani moja moja. "Hizi violini. Huyu filimbi, mpe dirisha. Hawa wawili usiwakalishe pamoja, watapiga stori." Buni moja kubwa akaiweka peke yake, mwisho kabisa kulia, karibu na ukingo wa meza.

"Huyo nani?"

"Besi. Akae karibu na mlango."

"Mlango gani? Okestra haina mlango."

"Kila mahali watu wanapokaa pana mlango," akasema. Basi, besi wangu, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini, nikampeleka kulia kabisa, nyuma. Kila jioni akiondoka alizikusanya buni zake mfukoni, na kila akirudi alizipanga vilevile bila kukosea.

Mfuko wa pili wa koti ulikuwa na kitu kingine. Kile kikombe cha chuma ambacho mpigaji wa tarumbeta anawekea mdomo. Cha besi ni kikubwa, kama kikombe cha kahawa cha wazee wa mjini. Alikuwa anakitoa akiwaza, anakizungusha vidoleni, anakirudisha. Nilimtania kwamba ni kipimo chake cha siri cha mbege. Alicheka mpaka akakohoa, maana pombe hakunywa maisha yake yote. Lakini hakusema ni cha nini, na mimi kwa akili zangu nikaona utani umetosha, kuuliza hakuna haja.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa mkali wa muda kupita kiasi. Wote waliopita mikononi mwake watakwambia. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa nane mchana, na saa nane ikigonga alikuwa anafunga mlango wa kanisa kwa komeo. Ukifika saa nane na dakika moja unasikiliza ukiwa nje, na wasichana wa kwaya. Kwangu alikuwa hivyohivyo. Siku nimechelewa dakika kumi kwa sababu ya chapati, nilimkuta amesimama mlangoni kwangu mwenyewe, ameshika saa. "Watu sitini wako humo ndani wanakusubiri," akasema. Alimaanisha wale wa kwenye kompyuta.

Ila mtu huyohuyo, ukikosea noti, hakugombezi. Anakuimbia ilivyo, taratibu, mara ishirini ikibidi. Na alikuwa analea vifaranga vya jirani kwa sababu mama yao aligongwa na bodaboda. Na akinywa chai anakuachia nusu ya kiburu alichobeba, zile ndizi za kupondwa na maharage, anasema ameshiba, wakati unaona anakitazama.

Masikio yalikuwa yanafunga. Hilo aliniambia kama unavyosema mvua inakuja. "Hospitali wamesema la kushoto limeshaenda, la kulia linafuata. Kwa hiyo tufanye haraka, lakini vizuri." Nilianza kuona. Kila wiki aliniomba niongeze sauti, mpaka Dada wa saluni akagonga ukuta.

"We! Mteja wangu kaungua sikio na drayeri kwa ajili ya ngoma zenu!"

"Siyo ngoma, dada, ni okestra!"

"Hata iwe malaika, punguza!"

Mwisho Mwalimu akawa anaweka kiganja juu ya spika, anasikiliza kwa mkono. Macho amefumba. Akisema "hapa violini wamezidi," kweli wamezidi.

Sasa tufike pale pabaya.

Karibu na mwisho wa ule muziki, okestra yote inapanda, inapanda, unajua kabisa kinachokuja ni kishindo. Halafu kwenye daftari hakuna kitu. Kurasa nyeupe na mistari, noti hamna, kwa vyombo vyote. Nilipopiga hesabu kwa mwendo aliotaka ni sekunde nane. Sekunde nane za kimya! Halafu anaingia besi peke yake, chini kabisa, kama mtu anayeingia ameinama. Ndipo wengine wanamfuata.

Wewe huenda huoni tatizo. Lakini mimi ni fundi wa studio. Sekunde mbili za kimya mteja anadhani spika imekufa, nane ameshaanza kudai hela yake. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa umesahau."

"Sijasahau."

"Basi tupunguze, iwe mbili."

"Hapo usiguse." Akaniangalia, siyo kwa ukali. "Kila mahali umeniambia nikakusikiliza. Hapo tu, usiguse."

Hapohapo alinieleza mpango. Jumapili inayofuata, baada ya ibada, muziki ungepigwa kanisani kwenye spika. Kulikuwa na mama mmoja wa Mabogini, kule tambarare kwenye mpunga, mjane, amemwalika. "Yeye asikie," akasema. "Wengine wakisikia ni sawa, lakini yeye asikie."

Jumamosi nikakaa na ule muziki peke yangu. Nikawaza huyu mzee masikio yameenda, hajui hicho kimya kinavyotisha, watu watadhani umeme umekatika, watacheka, ataaibika. Nikasema nimsaidie. Nikakata sekunde nane zote. Besi nikamvuta akaingia na wenzake, nikamnenepesha kwa violini, kishindo kikatoka cha maana, mpaka Dada wa saluni akagonga ukuta kwa kusifia. Nikajipongeza kwa soda. Nilijiona mtoto mzuri.

Jumapili kanisa lilijaa. Yule mama alikaa benchi la tatu, kitenge cha bluu, mjukuu wa kike pembeni yake. Mwalimu alisimama mbele ya spika mbili, koti lake, kama wapigaji wako pale. Alinitazama, akainua mikono, nikabonyeza.

Nakwambia ule muziki ulikuwa mzuri. Watu walinyamaza mpaka watoto. Mwalimu anaongoza kwa kumbukumbu, anahesabu kichwani, kila mkono wake unapokwenda vyombo vinakwenda. Okestra ikapanda, ikapanda. Kishindo kikapiga. Na Mwalimu akasimamisha mikono.

Aliishikilia juu. Muziki unapita, besi ameshaingia, violini zinalia, na yeye mikono iko hewani haitikisiki, amegeuza uso kulia, kule mlangoni, anasubiri. Halafu taratibu, peke yake, akashusha mkono wa kulia kumkaribisha mtu aliyekwishapita zamani. Akatabasamu.

Muziki ukaisha. Yeye hakuisha. Watu wakapiga makofi na mkono wake ukiwa bado unaongoza, sekunde nane nzima, na mimi nilizihesabu zote.

Halafu akashuka kwenda benchi la tatu. Nilikuwa karibu, nakusanya nyaya, nilisikia.

"Mama Anna," akasema kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia, "umesikia tulivyomsubiri?"

Yule mama hakuwa amesikia mtu yeyote akimsubiri mtu yeyote. Alimwangalia Mwalimu usoni. Akatikisa kichwa kukubali, akasema kwa kufungua midomo vizuri ili asomeke, "Nimesikia, Mwalimu."

Nilikaa siku nne bila kula sawasawa. Ningenyamaza hakuna ambaye angejua. Mwalimu hasikii, mama ameshasema ndiyo, mambo mazuri. Dada wa saluni ndiye niliyemwambia, na alizima drayeri ili anitukane vizuri. Alhamisi nikapanda Mbokomu.

Sasa unajua sisi Wachagga ukimkosea mtu sana unampelekea isale, lile jani refu tunalopanda mipakani. Akishalipokea hawezi kukukatalia msamaha. Nikawaza hii ndiyo njia. Nikachuma jani moja zuri njiani, nikafika kwake, nikamkuta anawapa vifaranga pumba, nikampa kwa mikono miwili, nimeinama.

Alilitazama. Akatazama ua lake.

"Umelitoa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Huo ni mpaka wa jirani!" akasema. "Umechuma mpaka wa watu. Sasa tuna kesi mbili." Akacheka, akakohoa, akaketi kwenye kigoda. Halafu akaona sicheki. Akaniletea ile kaunta buku na penseli, maana kwa sauti tulikuwa hatuelewani tena. "Andika."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni wa la saba, na siku hiyo ulikuwa wa la tatu. *Pale kimya nilikata. Besi aliingia na wenzake. Mama hakusikia. Alikuonea huruma.*

Alisoma mara mbili. Mkono ukaenda mfukoni, kwenye kile kikombe cha chuma. Akaanza kuongea, na hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia vifaranga.

Kulikuwa na mpigaji wa besi. Bora kuliko wote aliopata kuwafundisha. Alihamia Mabogini kulima mpunga, lakini kila Jumamosi alipanda mazoezini na baiskeli, na kila Jumamosi alichelewa. Saa nane na nusu, saa tisa kasoro. Viatu vina tope mpaka juu, anaingia nalo kanisani. Mwalimu akamwonya mbele ya watu. Akamwonya tena. Jumamosi moja akafunga komeo, akamwambia kupitia mlangoni arudi alikotoka, asipande tena. Yule mtu hakupanda tena. Besi yake ilibaki kanisani, hakuna aliyeweza kuipiga vile, na Mwalimu akabaki na kile kikombe chake.

Miaka ikapita, akafariki. Mwalimu akashuka msibani. Pale ndipo mjane, akisimulia habari za mumewe, alisema Jumamosi asubuhi mpaka saa saba ilikuwa zamu yao ya maji shambani. Ukiacha zamu mpunga unakauka. Alikuwa anafunga maji, anaruka kwenye baiskeli na tope lake, anapanda mlima.

"Mimi nimekulia kwenye mfereji," Mwalimu akasema. "Zamu ya maji naijua kuliko noti. Miaka yote ile sikumwuliza swali moja. 'Unatoka wapi?' Basi. Maneno mawili."

Nikaandika: *Kwa nini hukumpelekea mama isale?*

"Ukipewa isale unasamehe kwa sababu inabidi. Sitaki ya kubidi." Akazungusha kile kikombe. "Nilitaka tu watu wengi wasimame wamsubiri. Watu sitini, hakuna anayetazama saa. Huku sina watu sitini. Wewe ulikuwa nao."

Hakuna mtu amewahi kunichapa namna hiyo, na hakuinua hata kidole.

Nikaandika: *Jumamosi tunashuka Mabogini. Mimi na wewe. Kimya kipo chote.* Akachukua penseli, akaongeza pembeni: *Saa ngapi?* Nikaandika: *Wakati wowote mama atakapomaliza kazi zake.* Akanitazama. Akafuta jicho moja kwa kidole kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Jumamosi tulimkuta Mama Anna barazani anapepeta mchele. Mpunga kijani kila upande, na mfereji unapita karibu kabisa na nyumba. Mwalimu alifuta viatu getini, halafu akasita, akaviangalia, akaacha kufuta. Aliingia hivyohivyo.

"Karibuni," mama akasema. "Mwalimu, mbona tena?"

Nikaamkia, nikamwambia kwamba Jumapili niliharibu mimi, siyo Mwalimu, kwamba kuna kitu hakusikia. Akaendelea kupepeta. Nikaweka spika zangu mbili ndogo, moja juu ya kinu, nyingine kulia karibu na mlango, nikabonyeza.

Mwalimu safari hii hakuongoza. Alikaa kwenye benchi, kile kikombe cha besi mikononi, anamtazama mama usoni, maana hakuwa na njia nyingine ya kusikia. Okestra ikapanda, ikapanda, ikanyamaza.

Mama akasimamisha ungo.

Maji yalikuwa yanasikika kwenye mfereji. Jogoo wa mtu. Mama alitazama spika, akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba hazijaharibika. Ndipo akageuka kutazama njia, ile ya matuta inayotoka shambani kuja nyumbani, na akabaki anatazama huko.

"Ameingia?" Mwalimu akauliza kwa sauti kubwa.

Nikamwonyesha kwa mkono: bado.

Halafu besi akaingia. Kulia kabisa, karibu na mlango, ameinama, peke yake.

Sikumwonyesha Mwalimu. Haikuwa lazima, alikuwa ameshaona kwa mama.

Muziki ukaisha. Mwalimu aliinuka, akaweka kile kikombe cha chuma ndani ya ungo, juu ya mchele. Mama alikichukua, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, akachungulia ndani yake kama anatafuta mtu. Akakitia kifuani. Akaita mjukuu alete chai, na tukanywa, na wale wazee wawili wakaongea habari za bei ya mbolea kwa kupiga kelele, kama wazee wengine wote.

Tulipoondoka Mwalimu alitangulia, taratibu, tope la Mabogini kwenye viatu. Siku hizi hashuki tena mjini, na hilo sikio la kulia nalo limekwenda kabisa. Lakini siku ile alikuwa anatembea anaimba, hajui kwamba anaimba.

Mama Anna alinishika mkono getini.

"Kijana. Pale mlipomsubiri ni muda gani?"

"Sekunde nane, bibi."

"Nane!" Akatazama njia ya matuta, akatikisa kichwa, anacheka na machozi yanashuka. "Baba Anna huyu ninayemjua mimi? Hajawahi kuchelewa kidogo hivyo. Nenda kaongeze."